Kuchagua Vipande vya Kompyuta ya Kwanza kwa Feza ya Mwanafunzi

Somo lililoandikwa na kapita wa wanafunzi, pamoja na finalisti wenzake



Katika gazeti letu hili dogo tumezoea kusoma masomo juu ya malaria, juu ya usafi wa visima, juu ya ginsi ya kuandika barua ya kuomba kazi. Mara hii tumeombwa kueleza jambo ambalo watu wanatuuliza kila siku kwenye baraza: ile kompyuta iliyo katika chumba cha nyuma cha biblioteki, muliipata wapi? Mulitoa feza gani? Wengine wanasema ilitoka Ulaya kama zawadi. Wengine wanasema kuna mfanyabiashara aliyetuhurumia. Si hivyo. Tuliiunga sisi wenyewe, kipande kwa kipande, watu sita, kwa dola 160 zilizokuwa feza yetu. Leo tuna deni la dola 3. Tutaeleza pia deni hilo lilitoka wapi, kwa maana habari yake imesemwa vibaya hapa shuleni, na mtu asiye na kosa alitukanwa.

Wanne kati yetu walitoa dola 30 kila mmoja, wawili walitoa 20. Mmoja aliendesha toleka likizo nzima, kutoka Mangobo mpaka katikati ya mji na kurudi. Wawili walibeba mchanga. Mwingine aliuza kwanga pamoja na mama yake, na mama yule alitaka kuandikiwa karatasi kwamba feza ni ya masomo kweli. Tunasema hivi mbele ya yote ili msomaji ajue: feza iliyopatikana namna hii, mwenyewe hapendi kusikia kwamba imepotea.

Kwa nini si portabli?

Ni ulizo zuri. Portabli ya okazyo ina batri ndani yake, na mtu wa Lubunga, ng'ambo ya mto, anaivusha katika mtumbwi bila shida. Kama unataka mashini ya mtu mmoja, ya kuandika travay yako na kuangalia masomo, nunua portabli wala usione haya. Lakini portabli ikikufa ni taabu kuiponya: klaviye yake ni yake peke yake, batri yake ni yake peke yake, hata waya wake wa umeme mara nyingi ni wake peke yake. Mashini ya mezani imegawanyika. Kipande kimoja kikifa, vingine vinaishi. Tena sisi tulitaka mashini ya kuachia shule, ambayo wadogo wetu wataifungua na kuifunga huku wakijifunza.

Wala tusifikiri kwamba kuunga kompyuta ni kazi ya maskini tu. Mwaka 1976, kule California, Steve Wozniak na Steve Jobs walianza kuuza Apple ya kwanza kwa dola 666.66, na mnunuzi alipata bamba moja tu lenye vipande juu yake. Sanduku, klaviye, kioo, umeme wa kuilisha, vyote alijitafutia mwenyewe. Halafu mwaka 1981 IBM ilitoa mashini yake ya PC, iliyoungwa kwa vipande ambavyo makampuni mengine pia yaliweza kuvitengeneza. Kwa sababu hiyo, leo memwari iliyotengenezwa Korea inaingia katika bamba lililotengenezwa Taiwan. Lakini si kila memwari inayoingia katika kila bamba. Hapo njo watu wanapotezea feza.

Ulizo la mtu wa Kisangani

Mtu wa Kampala au wa Kinshasa akikosea kununua, kesho yake anazunguka magazini nyingine kumi. Kwetu hapa vitu vinafika kwa njia tatu. Kwa bato kutoka Kinshasa, safari ya mto ya kilometa karibu 1,700, ambayo inakula majuma. Kwa barabara kutoka Beni na Bunia, kupitia Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, njia ambayo mvua na vita vimeifunga mara nyingi. Na kwa ndege inayotua Bangoka, ambako kila kilo ina bei yake. Basi mtu wa Kisangani asianze kwa kuuliza kipande kina mbio gani. Aulize: kikikufa, tutapata mwenzake wapi? Tuliandika ulizo hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari letu la hesabu. Tuseme ukweli, si sisi tuliolivumbua. Tulifundishwa siku ile ya masanduku mawili.

Katika magazini moja ya vitu vya okazyo, karibu na soko kuu, tulikuta unite santrali mbili, yaani yale masanduku yanayobeba mashini yenyewe. Moja lilikuwa dogo, jeusi, zuri kabisa, la kampuni kubwa ya Marekani, na prosesa ya Core i5 ndani. La pili lilikuwa kubwa, la rangi ya majivu, ubavu umekwaruzwa, limeungwa na fundi tusiyemjua, na prosesa ya Core i3.

— Papa, hii ya mudogo iko bei gani?

— Makumi tano.

— Na ile kubwa?

— Makumi tano vilevile. Lakini kama munaitwala leo, tutasikilizana.

Watano kati yetu walitaka lile dogo. Lakini wa sita alikuja na mkubwa wake, fundi wa redio na televizyo, mwenye turnevisi mfukoni. Alimwomba Papa ruhusa, akafungua masanduku yote mawili bila kusema neno. Halafu akatuonyesha ule waya mnene unaotoka kwenye alimantasyo, ile boksi ya chuma inayopokea umeme wa prizi na kuugeuza kwa faida ya mashini, kwenda kwenye bamba kubwa.

— Mudogo, hesabu matundu hapa.

— Iko sita, Yaya.

— Na huku?

— Makumi mbili na ine.

— Basi. Hii ya makumi mbili na ine, ikikufa mutapata ingine hapa mjini. Ile ya sita, mutaandikia Amerika barua.

Matundu hayo 24 ni mpango unaoitwa ATX, uliotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Mwanzoni yalikuwa 20, nyuma wakaongeza manne. Sanduku linalofuata mpango huo linakubali alimantasyo ya kampuni yoyote inayoufuata. Lakini makampuni makubwa, wakitaka masanduku yao yawe madogo na mazuri, mara nyingi wanaweka alimantasyo ya umbo lao na waya wao. Mashini yao si mbaya, mara nyingine ni nzuri kuliko zetu zote. Ubaya wake unaonekana siku ya kufa.

Tulilipa dola 45 kwa lile kubwa, lenye bamba, prosesa na alimantasyo, bila memwari wala diski. Wawili kati yetu walinuna njia nzima mpaka shuleni.

Prosesa na bamba lake

Hapa vijana wengi wanadanganywa na jina. Mtu akisikia i7 anatoa feza bila kuuliza kizazi. Prosesa yetu imeandikwa i3-3220. Ile tarakimu ya kwanza nyuma ya kistari, 3, inaonyesha kwamba ni ya kizazi cha tatu. Ilitoka mwaka 2012. Ni ya zamani, ndiyo. Lakini iliandikiwa wati 55, tena ina sehemu ya kutengeneza picha ndani yake, kwa hiyo kioo kinaungwa moja kwa moja kwenye bamba. Mulinganishe na i7-860 ya mwaka 2009. Jina ni kubwa, lakini ni ya kizazi cha kwanza, iliandikiwa wati 95, na haina sehemu ya picha hata kidogo. Ukiinunua itakudai karti ya picha juu yake, na karti hiyo nayo inataka umeme wake.

Tena hizo mbili haziingii katika bamba moja. Ya kwetu inataka kiti chenye vijino 1,155, ile nyingine inataka 1,156. Kijino kimoja tu cha tofauti, lakini ukisukuma kwa nguvu utaharibu vyote viwili. Vijino hivyo viko kwenye bamba, si chini ya prosesa, na ni vyembamba kama nywele. Mbele ya kununua bamba tupu, liinamishe kwenye mwanga uangalie kama vyote vimelala upande mmoja. Kimoja kikiwa kimepinda, rudisha kwa heshima.

Angalia pia vile vikopo vidogo vilivyosimama karibu na prosesa. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kama kimevimba kama mkate au kimetoa maji ya kahawia, bamba hilo linakaribia kufa, hata kama leo linawaka. Na kuna batri moja ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3, inayotunza saa. Ikiwa saa ya mashini inarudi nyuma miaka kila unapoizima, usiogope: ni batri hiyo tu, na bei yake ni ndogo.

Tukiwa tunasafisha bamba letu, mdogo mmoja wa darasa la chini aliuliza vile vidonge vidogo vya manjano ni nini. Katika mabamba mengi vidonge vya namna hiyo vina tantali ndani yake, na tantali inatoka katika koltani, kama ile ya Rubaya kule Kivu ya Kaskazini. Bati inayoshikilia vipande inatoka katika kasiteriti, kama ile ya Bisie kule Walikale. Na kobalti iliyo katika batri nyingi za portabli, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima inachimbwa katika inchi yetu. Yule mdogo akafikiri kidogo, akauliza: «Sasa mbona sisi njo tunanunua okazyo?» Mwalimu wa jiografia, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema atarudi kwenye ulizo hilo. Tunamkumbusha.

Memwari

Memwari ina vizazi vyake pia: DDR2, DDR3, DDR4, na sasa DDR5. Kila kizazi kina kipengele chake, yaani lile pengo dogo upande wa chini, na mahali pake si pamoja na pa kizazi kingine. Makusudi ni kumzuia mtu asiingize isiyofaa, kwa kuwa volti zake pia ni tofauti: DDR2 inataka 1.8, DDR3 1.5, DDR4 1.2. Sisi hatukujua. Tulipima kwa macho, tukanunua DDR2, kwa sababu urefu wake na hesabu ya vijino vyake, 240, ni sawasawa na DDR3. Haikuingia. Bahati njema hatukuilazimisha, na Papa alikubali kubadilisha. Sasa tuna fimbo mbili za DDR3, kila moja giga 4, dola 9 kila moja. Mbili ni bora kuliko moja ya giga 8, kwa kuwa bamba linazisoma zote mbili kwa wakati mmoja, kama mtu anayekunywa kwa mirija miwili.

Habari ya deni

Sasa tufike hapo. Tunapoandika «sisi» katika sehemu hii, ni sisi tunaoshika kalamu, kapita wenu. Wale wenzetu watano hawamo.

Magazini ile ilikuwa na umeme siku tuliyonunua, na Papa aliwasha sanduku mbele yetu, likawaka vizuri. Jumamosi tuliyofuata tulilisafisha. Vumbi lilikuwa jingi, tukatumia brosi, mbele na nyuma. Nyuma ya alimantasyo nyingi za zamani kuna kisukumio kidogo chekundu kilichoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kwa Wamarekani umeme wa nyumba ni volti 120. Kwetu ni 220. Mashini hiyo ilikuwa kwenye 230, mahali pake. Brosi yetu ilikisukuma kikaenda 115, nasi hatukuangalia.

Tukaingiza prizi. Mlio ulitoka kama fataki, halafu moshi, halafu harufu ambayo wale waliokuwa wakiimba katika chumba cha pili wanaikumbuka mpaka leo. Wasichana walitoka nje wakikimbia.

Kwa muda ule ule mmoja akapaza sauti: yule Papa ametuuzia kitu kibovu! Na sisi hatukusema kitu. Jumatatu wanafunzi wawili wa darasa la tano walipita kwenye magazini yake, wakamtukana mbele ya wateja. Jioni ile Yaya fundi alikuja, akageuza sanduku, akaona kisukumio, akauliza kwa sauti ndogo: «Nani alipangusa huku nyuma?» Wenzetu walitazamana. Tulijua ni mkono gani ulioshika brosi. Hata hivyo tulisema kwamba hatukumbuki.

Tulilala siku mbili na uongo huo. Siku ya tatu tuliwaita wenzetu watano chini ya mwembe tukawaambia. Yule wa toleka hakutujibu kitu, aliondoka tu. Halafu tulienda kwa Papa, sisi na wale wawili waliomtukana, tukaomba radhi mbele ya watu waliokuwamo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Nilijua. Mashini inayowaka kwangu haikufe kwenu bila sababu.» Halafu akatuuzia alimantasyo nyingine kwa dola 18. Hakupunguza hata franka moja, na alikuwa na haki.

Bamba halikuguswa. Prosesa haikuguswa. Alimantasyo ilikufa peke yake, kama ilivyotakiwa, kwa kuwa ina fuzi yake ndani. Na ile mpya iliingia dakika kumi baadaye, matundu 24 kwa matundu 24. Tungekuwa tumenunua lile sanduku dogo jeusi, mpaka leo lingekaa juu ya kabati kama picha. Wale wawili walionuna wamekubali jambo hilo, lakini bila furaha.

Ukichagua alimantasyo, basi, tafuta ile isiyo na kisukumio, iliyoandikwa 100-240, inayojipanga yenyewe. Ipime kwa mkono: ile iliyo nyepesi kama boksi tupu ya biskuti, mara nyingi ndani yake hamna kitu cha maana, hata kama nje imeandikwa wati 600. Mashini kama yetu haifiki 100.

Umeme unapokwenda

Umeme wa Kisangani unatoka mto Tshopo, katika santrali iliyoanza wakati wa Wabelgiji. Mji umekua kuliko santrali yake, na kila mmoja wetu anajua delestaji ni nini. Umeme unakatika wakati unaandika, na unaporudi mara nyingine unarudi kwa nguvu mno. Kwa hiyo ondileri si anasa. Ni kipande cha mashini kama memwari. Tulinunua moja ya okazyo yenye batri iliyokufa, dola 15, tukaweka batri mpya ya volti 12 na amperi-saa 7, dola 15 nyingine. Mwambie muuzaji unataka yenye batri iliyokufa: hapo njo bei inashuka, na batri hiyo ni ya aina inayopatikana.

Hesabu yake ni somo zuri kwa wale wa darasa la nne. Volti 12 mara amperi-saa 7 ni wati-saa 84. Sanduku letu linakula wati kama 45, kioo 30, jumla 75. Ukigawanya 84 kwa 75 utapata saa moja na dakika 7. Tulifurahi sana kwenye karatasi. Tulipopima kwa saa ya ukutani, mashini ilizimika nyuma ya dakika 22. Kwa nini? Batri ya risasi ikitolewa haraka inatoa kidogo kuliko ilivyoandikwa, tena ondileri yenyewe inapoteza sehemu kwa joto wakati wa kugeuza umeme, na inajizima mbele batri haijaisha kabisa ili isiiharibu. Na usisome VA kama wati: ya kwetu imeandikwa 650 VA, lakini wati ni 390. Basi dakika 22. Zinatosha kumaliza sentensi, kuhifadhi na kuzima kwa adabu.

Ni kwa sababu hii pia tulichagua diski ya SSD, giga 120, mpya, dola 20. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka ndani, nyingi mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachopita juu yake bila kugusa. Toleka moja kwenye barabara mbovu inaweza kuimaliza. SSD haina kitu kinachozunguka. Lakini wauzaji wa uongo wapo: kuna diski na flashi zilizoandikwa giga nyingi ambazo hazipo. Zijaze mafaili mpaka mwisho, halafu uyafungue tena. Yasipofunguka, umekamata mwizi.

Kioo ni cha okazyo, cha umbo la mraba wa zamani, dola 25. Klaviye na suri, dola 7. Hapo hakuna hekima kubwa. Bonyeza kila herufi mbele ya kulipa.

Programu

Windows 10 iliacha kupokea matengenezo ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya kizazi chetu. Basi tuliweka Ubuntu. Si programu ya wizi, ni ya bure kweli. Ilianza mwaka 2004 kwa kazi ya Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana ya utu. Wengi wetu tuna neno lililo ndugu yake katika lugha ya nyumbani. Faida yake kwa mnunuzi ni hii: unaiweka kwenye flashi, unaenda nayo magazini, unaomba kuwasha mashini kwa flashi hiyo, hata kama haina diski. Ndani ya nusu saa utajua kama sauti inatoka, kama picha inatetemeka, kama mashini inapata joto mno. Muuzaji akikataa kabisa, naye amekujibu.

Juu yake tumeweka Kiwix, ambayo inasoma Wikipedia nzima bila intaneti. Mega zetu ni chache, tunajua wote. Faili tulilipata kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, mtoto wa shule hii, aliyelibeba katika diski yake.

Hesabu yote, kwa wale waliodai kuiona: sanduku 45, memwari 18, diski 20, kioo 25, klaviye na suri 7, ondileri na batri yake 30, alimantasyo ya pili 18. Jumla dola 163. Bila kosa letu tungebaki na dola 15. Dola 3 tulikopa kwa mwalimu mmoja, na tutazirudisha sisi tunaoandika. Zile 15 pia tumeahidi kuwarudishia wenzetu mbele ya Egzameni ya Leta. Mpaka leo tumerudisha 6. Yule wa toleka amekubali kupokea sehemu yake, na juzi alitupakia nyuma kutoka sokoni bila kudai kitu.

Mashini inafunguliwa Jumanne na Alhamisi nyuma ya masomo, ikiwa umeme uko. Daftari la majina liko kwa mtunza biblioteki. Kisukumio hakipo tena, lakini anayetaka kuona alimantasyo ile iliyoungua aombe: tumeihifadhi kabatini, na harufu yake bado iko.

Maulizo

1. Rafiki yako ana ondileri yenye batri ya volti 12 na amperi-saa 9, na portabli ya zamani pamoja na kioo vinavyokula wati 60 vyote pamoja. Kwenye karatasi atapata dakika ngapi? Kwa nini asizitegemee?

2. Muuzaji anakupa bamba la vijino 1,156 pamoja na i7-860 kwa dola 35, au bamba la vijino 1,155 pamoja na i3-3220 kwa dola 40. Utachagua lipi, ukiishi katika kartie inayopata umeme siku tatu kwa juma? Eleza kwa mistari isiyozidi kumi.

3. Mwanafunzi mmoja anasema memwari ya portabli ya mjomba wake ni DDR3, basi itaingia katika mashini yetu. Chukua rula, pima memwari zote mbili, halafu umjibu.

Majibu yaletwe kwa kapita mbele ya Ijumaa saa sita. Wale wa Biashara wasinakili kwa wale wa Hesabu na Fizikia: maandiko ya kila mtu tunayajua.